Waliinua Bilauri, Nasi Tukaifuata Njia

Huenda baadhi yenu mkashtuka kuona ukurasa huu wa utamaduni leo wataja bia. Twaomba msilitupe gazeti kabla ya kufika mwisho. Hatukuja kuisifu wala kuitangaza. Hukumu ya kileo imo katika Kitabu, sote tuliisoma chuoni tungali watoto, na si kazi ya mwandishi wa gazeti kuiongeza wala kuipunguza. Tulilokuja nalo ni jambo jingine, nalo latugusa sisi watu wa mwambao kuliko tunavyodhani.

Katika mji wa Brugge, nchini Ubelgiji, kuna matembezi ambayo wageni huyalipia. Kiongozi hukusanya kundi dogo la watu, akawapitisha vichochoroni na kando ya mifereji ya maji kwa muda wa saa mbili au tatu, na kila baada ya mwendo huingia mahali wakaonjeshwa bia za namna namna katika bilauri ndogo. Nilipokuwa katika mji huo, wenyeji wangu kwa wema wao walinikatia tiketi ya matembezi hayo. Ikawa mtihani. Maalimu wetu alitufunza kwamba Mwislamu hakai kwenye meza inayozungushiwa ulevi, hata ikiwa yeye mwenyewe hanywi. Na adabu nayo yasema mgeni asimvunje moyo mwenyeji wake. Basi nikamwendea yule kiongozi asubuhi, nikamweleza dini yangu, nikamwomba anipitishe njia ile ile bila ya meza. Alitabasamu, kisha akakubali.

Nilidhani ukiiondoa bia hapatabaki kitu. Nilikosea.

Kwanza tulisimama mbele ya jumba la Gruuthuse, la karne ya 15, ambalo siku hizi ni makumbusho. Zamani, kabla watu wa huko hawajazoea kutia maua ya hopsi katika bia, walitia mchanganyiko wa majani makavu ulioitwa gruut. Ukoo wa jumba lile ulikuwa na haki ya kutoza ushuru juu ya majani hayo, na jina lao likatokana nayo. Mmoja wao, Lodewijk, aliyefariki mwaka 1492, alimpa hifadhi Mfalme Edward wa Nne wa Uingereza alipokimbia kwao mwaka 1470. Mwaka 1472 wakajenga chumba cha sala kilichoiunganisha nyumba yao na kanisa la jirani, wakawa wafuata ibada bila ya kutoka nje. Fumba moja la majani, na nyuma yake jumba, ushuru, mfalme na kanisa!

Kisha tukafika penye nyumba ya wageni iliyokuwa ya ukoo wa Van der Beurze. Wafanyabiashara kutoka Italia na kwengineko walikuwa wakikutana hapo kuulizana bei na kubadilishana hawala. Yasemekana kwamba ni kutokana na jina la ukoo huo Wafaransa walipopata neno bourse, na Wajerumani Börse, yaani soko la hisa.

Mwisho tukafika uwanja wa Walplein, kwenye kiwanda cha De Halve Maan, ambacho kimo mikononi mwa ukoo wa Maes tangu mwaka 1856. Malori ya kuipeleka bia kwenye kiwanda cha kuitia chupani, nje ya mji wa kale, yalikuwa yakipita katika njia nyembamba za mawe. Wenyewe hawakutaka kuuhama mtaa wao, wala hawakutaka malori yaendelee kuyatikisa mawe ya wazee. Mwaka 2016 wakafungua bomba lipitalo chini ya mji, lenye urefu wa zaidi ya kilomita 3, na bia ikawa yapita humo. Sehemu ya gharama ilichangwa na watu wa kawaida, walioahidiwa kulipwa kwa kinywaji chenyewe. Hatuwaonei wivu malipo yao. Lakini hebu tujiulize: ni kitu gani katika miji yetu ya kale ambacho tungekichangia fedha ili kisihame na wala kisiharibu?

Msije mkafikiri kwamba mapambo yote hayo yameitakasa bia. Jioni ile ile, nikirudi nilikofikia, nilimwona kijana ameuegemea ukuta wa kanisa, wenzake wawili wamemshika mabega, macho yake hayamjui mtu. Bia nyingi za Ubelgiji zina nguvu. Aina waiitayo tripel hufika asilimia 8 ya ulevi na kupita. Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba mwaka 2019 pombe iliua watu milioni 2.6 duniani. Hesabu hiyo sikuisikia ikitajwa katika matembezi. Kila mwenye bidhaa huisifu, na mnunuzi ndiye apasaye kufumbua macho.

Sasa tuje kwetu. Brugge ilikuwa bandari kubwa. Ghuba yake ya Zwin ikajaa mchanga, biashara ikahamia Antwerp, mji ukalala. Kufikia karne ya 19 ulikuwa maskini, na riwaya ya Georges Rodenbach ya mwaka 1892 iliuita mji mfu waziwazi katika jina lake. Umaskini huo huo ndio ulionusuru nyumba zake, kwa kuwa hapakuwa na fedha nyingi za kuzivunja na kujenga mpya. Msomaji wa Lamu hana haja ya kufasiriwa. Reli ilipoanzia Mombasa, jahazi na bidhaa zilifuata huko, na Lamu ikabaki na mawe yake na misikiti yake. Mji wa kale wa Brugge uliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2000; wa Lamu mwaka 2001. Tofauti ni mwaka mmoja tu.

Na mwaka 2016 UNESCO hiyo hiyo iliuandika utamaduni wa bia wa Ubelgiji katika orodha yake nyengine, ile ya urithi usioshikika kwa mkono. Je, mwajua kwamba mwaka mmoja kabla yake, 2015, orodha hiyo iliipokea kahawa ya Kiarabu, kwa maombi ya Saudia, Oman, Qatar na Falme za Kiarabu? Kinywaji hicho ni chetu pia, na kisa chake hakipungui hata chembe mbele ya kisa cha gruut. Masufi wa Yemen waliinywa kahawa katika karne ya 15 ili wakeshe katika dhikri. Mwaka 1511 gavana wa Makka, Khair Beg, aliipiga marufuku, wanazuoni wakajadiliana kama yalevya au hailevyi, na marufuku yale yakatanguliwa na amri kutoka Kairo. Bandari ya Mokha ikaipa dunia kahawa, na nyumba za kahawa zikafunguliwa kutoka Istanbul hadi London.

Ni nani anayemsimulia haya mgeni akaaye barazani kwetu? Muuza kahawa apita na dele lake, makaa yawaka chini yake, avigonganisha vikombe hata mtaa mzima wajua amefika. Mgeni apiga picha, ampa sarafu, aenda zake. Siku moja nilimsikia kijana mmoja akimwambia mzungu kwamba mlango wenye nakshi ya mnyororo maana yake mwenye nyumba alikuwa akiuza watumwa. Mzee wa nyumba ile alikuwa amekaa hatua tatu tu kutoka pale, na hakuna aliyemwuliza neno. Kule Brugge wana ulevi, na wameusomea hata wakaujua mtaa kwa mtaa. Sisi tuna halali, na hatuijui.

Rai yetu ni hii. Vijana wetu wa Mombasa na Lamu wanaotembeza wageni wakae kwanza na wazee, wayapokee maneno, wayaandike, wayapime. Kisha waitengeneze njia ya kahawa: ianzie pale buni ikaangwapo na kutwangwa, ipite kwa fundi wa madele na fundi wa nakshi za milango, ifike kwa mpishi wa halwa na mwenye kashata, imalizikie barazani, kikombe cha kahawa tungu mkononi na mzee akisimulia. Masharti yawe ya wenyeji: adhana ikilia matembezi yasimame, nyumba za watu zisichunguliwe, mama zetu wasipigwe picha kama vyombo vya dukani. Na ujira umfikie mwenye dele na mzee msimulizi, usiishie kwa wakala.

Watakaosema kwamba hayo ni kuuza mji, tunawaelewa. Lakini wageni wamekwisha kuja, na njia wataipita kwa vyovyote. Tusipoichora sisi, ataichora mwengine, na huyo huenda asione ubaya kutia ndani yake vituo vya bilauri, karibu na misikiti yetu, kisha akauita huo nao utamaduni. Siku hiyo tutalalamika, na malalamiko yetu yatakuwa yamechelewa.

Nilipoagana na yule kiongozi wa Brugge, aliniuliza nami mji wangu una njia gani ya kumwonyesha akija. Nilimjibu kwa jumla jumla, kama afanyavyo mtu asiyejiandaa kwa swali. Jibu hilo lingali lanisuta. Wazee walituasa tusiache mbachao kwa msala upitao. Mbacha wetu tungali nao. Uliobaki ni kuukung'uta vumbi na kuutandika, mgeni akifika apate pa kukaa.