Helikopta ya Jeshi Isihukumiwe kwa Umri

Mwandishi anayetaka helikopta zote zilizostaafu jeshini zipigwe marufuku kwa raia, eti kwa kuwa ni kuukuu, amelenga pabaya. Mapanga ya helikopta ya kijeshi aina ya Huey, mhimili wake na vipuri vingine muhimu vina ukomo wa saa za kuruka. Saa hizo zikitimia, kipuri kinatupwa hata kama bado kinang'aa. Hatari iko kwenye daftari la matengenezo lenye mapengo, na kipuri kilichotoka ghalani bila historia yake. Hilo hakuligusa kabisa.

Huko Marekani, helikopta za Black Hawk na Chinook zilizouzwa na jeshi leo zinamwaga maji kwenye misitu inayoungua. Tukiziondoa, nani atauzima moto huo?

Kwenye suala la abiria nakubaliana naye. Nyingi ya helikopta hizi zina cheti chenye mipaka: kuzima moto ruksa, kubeba abiria wa kulipa marufuku. Na hatari kwa waliomo ni halisi: Juni 2022, Huey ilianguka West Virginia, Marekani, wakati wa tamasha la mashabiki wake. Wote sita waliokuwemo walikufa. Basi mwandishi huyo adai ukaguzi mkali na mipaka isimamiwe kwelikweli, wala asiwanyang'anye wazimamoto chombo chao.