Sanamu Haihami

Ipo dhana potofu kwamba sanamu ya dhahania yaweza kuhamishwa kama samani bila kupoteza chochote. Dhana hiyo ndiyo iliyoiangamiza Tilted Arc ya Richard Serra. Ukuta huo wa chuma, uliopinda na kuinama, wenye urefu wa mita zipatazo 36, ulisimikwa mwaka 1981 katika uwanja wa Federal Plaza, New York. Chuma chenyewe hakikusogea. Mwendo ulikuwa wa mpita njia, ambaye kila hatua yake iliubadilisha uwanja machoni pake. Wafanyakazi wa ofisi za hapo walilalamika kuwa uliwazibia njia, na lalamiko hilo lilistahili kusikizwa. Hata hivyo, katika kikao cha hadhara cha mwaka 1985, watu 122 waliutetea, 58 wakaupinga. Mwaka 1989 ulikatwa vipande vitatu, ukaondolewa.

Serra alikuwa ameonya kwamba kuiondoa kazi hiyo ni kuiharibu. Mhakiki wa fasihi simulizi anaijua hoja hiyo: ngano iliyonyang'anywa fanani na hadhira yake hubaki maneno makavu karatasini. Anayeikataa sanamu na aikatae. Asidai kwamba ameihamisha.