Hifadhi ya Nairobi: Nani alipie ardhi isiyojengwa?

Kilomita chache kutoka katikati ya jiji la Nairobi, simba huwinda na faru weusi hulisha huku majengo marefu yakionekana nyuma yao. Hifadhi ya Taifa ya Nairobi, iliyoanzishwa mwaka 1946, ina ukubwa wa kilomita za mraba 117 pekee. Jiji linaloizunguka lilikuwa na wakazi karibu milioni 4.4 katika sensa ya mwaka 2019.

Mjadala kuhusu hifadhi hiyo kwa miaka ya karibuni umetawaliwa na miundombinu. Reli ya kisasa kutoka Nairobi kwenda Naivasha, iliyozinduliwa Oktoba 2019, inaikatiza juu ya daraja lenye urefu wa takriban kilomita sita, licha ya pingamizi za wanamazingira mahakamani na mitaani. Hata hivyo, hatima ya hifadhi huenda ikaamuliwa mbali na nguzo za daraja hilo, katika ardhi ambayo serikali haiimiliki.

Hifadhi ina uzio pande tatu. Upande wa kusini, ng'ambo ya mto Mbagathi, umeachwa wazi ili wanyama watoke na kuingia. Msimu wa mvua, nyumbu na pundamilia husambaa katika nyanda za Kitengela na Athi-Kaputiei. Kiangazi kikiingia, hurejea hifadhini kufuata maji na malisho. Bila nyanda hizo, hifadhi ingebaki kuwa bustani kubwa ya wanyama.

Nyanda hizo ni mali ya watu. Ranchi ya pamoja ya Kitengela iligawanywa katika miaka ya 1980, na kila familia ya wafugaji wa Kimaasai ikapata hati yake. Jiji lilipotanuka, bei ya viwanja ilipanda. Ardhi ikauzwa, nyumba na viwanda vikajengwa, nyaya zikatandazwa. Nyumbu waliohesabiwa kwa maelfu mengi katika miaka ya 1970 wamebaki sehemu ndogo tu.

Ni rahisi kumlaumu mfugaji aliyeuza. Lakini faida na gharama za ardhi iliyo wazi haziangukii watu walewale. Mkazi wa jiji hupata hewa safi na mahali pa kupumzika, na taifa hupata fedha za watalii. Mfugaji hupata simba zizini usiku, na kila mwaka anaokataa kuuza humnyima mapato ambayo jirani yake ameshayapata.

Mpango ulioanza mwaka 2000 ulijaribu kusawazisha mizani hiyo: familia zililipwa kiasi fulani kwa kila ekari ili zisijenge uzio wala kuuza. Wazo hilo lilipokewa vyema, lakini malipo yalitegemea zaidi wafadhili, na yalikuwa madogo mno mbele ya bei ya kiwanja. Sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 ilitambua hifadhi za jamii na za watu binafsi, ila utambuzi wa kisheria pekee haulipi karo ya shule.

Suala hili si geni Tanzania, ambako ushoroba wa Kwakuchinja, kati ya hifadhi za Tarangire na Ziwa Manyara, nao umebanwa na makazi na mashamba.

Waswahili husema, ukiona vyaelea, vimeundwa. Pori lililo wazi huonekana kama kitu kilichojiotea na kisicho na gharama, kumbe kuna mtu anayelipa ili libaki hivyo. Kwa sasa Nairobi imemwachia mfugaji sehemu kubwa ya deni hilo. Endapo serikali na jiji hawatabeba fungu lao kwa malipo ya kudumu, upande wa mwisho ulio wazi utafungwa kiwanja kimoja kimoja, bila mtu yeyote kutangaza uamuzi wa kuufunga.