LESENI YA SEREMALA: NI USHURU AU NI USHAHIDI?



Siku moja seremala wa makamo alisimama mbele ya meza yangu, vumbi la mbao likiwa bado katika nywele zake, akaniuliza: "Bwana Karani, leseni hii nikiisha kuilipia itanifanyia nini?" Nami, kwa kuwa watu walikuwa wengi nyuma yake, nikamjibu upesi: "Itakufanya usisumbuliwe." Akashukuru, akaenda zake. Walakini jibu lile limenikaa moyoni hata leo, maana halikuwa jibu la mtumishi wa Serikali. Lilikuwa jibu la bawabu atozaye watu langoni. Kwa hiyo naleta neno hili mbele yenu, hasa ninyi mlio katika ofisi za Mbeya na Iringa, ambako vitanda, makabati na magodoro ni riziki ya watu wengi.

Kwanza tuitazame sheria. Sheria ya Leseni za Biashara, Na. 25 ya mwaka 1972, ambayo imerekebishwa mara kadha wa kadha, yakataza mtu kufanya biashara pasipo leseni. Leseni ni za makundi mawili: Kundi A hutolewa na BRELA, na Kundi B hutolewa na Halmashauri. Mwenye karakana ya samani au duka la magodoro, auzaye hapa hapa mjini, aghalabu ni wa Kundi B, naye humwendea Afisa Biashara wa Jiji la Mbeya au wa Manispaa ya Iringa. Hutakiwa awe na namba ya mlipakodi, na hati ya kuonyesha kwamba mambo yake ya kodi ni safi, na ushahidi wa mahali pake pa kazi, kama vile mkataba wa pango. Akitaka kufanya biashara kwa jina lisilo lake mwenyewe, hapana budi alisajili jina hilo BRELA. Tena mahali pa biashara huandikwa katika leseni. Mwenye karakana Soweto na duka Mwanjelwa yampasa kuwa na leseni mbili.

Sipingi hata moja katika hayo. Lakini kila moja ni mlango wake, na kila mlango una siku yake. Siku hizi maombi ya Halmashauri hupelekwa kwa mtandao, katika mfumo uitwao Tausi, nao ni msaada kwa ajuaye. Asiyejua humlipa kijana amjazie, na jina likikosewa herufi moja hurudi alikotoka. Siku aliyoipoteza kwa karatasi ni siku ambayo randa yake imelala.

Kisha yatazameni mbao. Mbao nyingi za msindano zitumiwazo katika miji yetu hutoka Mufindi, katika shamba kubwa la miti la Serikali la Sao Hill, na katika mashamba ya wananchi. Kwa Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 na kanuni zake, mti hufuatwa kwa macho makali: kuna kibali cha kuvuna, kuna alama ya nyundo, kuna hati ya kusafirishia. Serikali yaujua mti tangu kisiki hata mlango wa karakana. Lakini mti huo ukiisha kuwa kitanda, macho hufumbwa. Leseni yasema ni nani auzaye na ni wapi. Haisemi kama mbao zilikaushwa, wala kama chaga zitauchukua uzito wa mtu. Wangapi wetu tumenunua kitanda wakati wa masika, na kiangazi kilipofika viungo vikaanza kuachia na kulia usiku kucha?

Na godoro ni jambo kubwa kuliko kitanda, kwa sababu ila yake imefunikwa. Godoro jipya la kiwandani lina viwango vyake katika Shirika la Viwango, TBS, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1975. Je, lile lililojazwa upya nyuma ya nyumba kwa vipande vya sponji na matambara, kisha likavishwa kitambaa kipya chenye maua, ni nani aliyelifungua? Mnunuzi haoni kilichomo. Mtoto wake ndiye alalaye juu yake.

Watu wa Marekani waliliona jambo hili zamani. Mwanzoni mwa karne ya 20 yaliuzwa huko magodoro kama mapya, kumbe ndani yamejaa vitu vichafu vilivyokwisha tumika. Majimbo mengi yakatunga sheria kwamba kila godoro lishonewe kipande cha nguo chenye kueleza kilichomo ndani, na kama ni kipya au kilikwisha tumika. Wala muuzaji hana ruhusa kukitoa kabla ya kuuza. Katika baadhi ya majimbo mtengenezaji hupewa namba yake, nayo huandikwa papo hapo. Basi kwao leseni haikai ukutani tu. Imeshonwa katika godoro lenyewe, nayo huenda na mnunuzi hata nyumbani kwake.

Najua mtu atasema: "Karani, wataka kumwongezea fundi mzigo mwingine?" Sivyo. Mzigo wa fundi ni wingi wa milango, wala si swali moja jema. Mwezi wa Desemba 2018 Serikali ilianza kutoa vitambulisho vya wajasiriamali wadogo kwa Sh. 20,000, kwa wale ambao mauzo yao hayazidi Sh. 4,000,000 kwa mwaka. Tukaona kwamba jambo laweza kufanywa rahisi, ikiwa nia ipo. Lakini kadi ile nayo ilisema neno moja tu, yaani mwenye hii amelipa. Juu ya kazi ya mikono yake haikusema kitu.

Wala jambo hili si dogo, kwa maana fundi asiye na karatasi hufanya kazi katika kivuli cha mwenye karatasi. Kumbukeni mwaka 2016, elimu bila ada ilipokwisha anza na shule zikajaa watoto, mikoa yote ikahimizwa kumaliza upungufu wa madawati. Misumeno ililia kutwa. Ofisi ya Serikali hailipi pasipo hati za mlipwaji. Kwa hiyo wako mafundi waliochonga madawati kwa jina la mtu mwingine, wakapokea walichogawiwa. Na soko la Mwanjelwa lilipoungua mwaka 2006, na lile la Sido mwaka 2017, ni nani aliyeweza kuthibitisha kwa urahisi kwamba alikuwa na mahali pale, kama si mwenye karatasi?

Wazee wetu waliijua karatasi ifungayo mlango. Chini ya sheria ya mwaka 1931 ya kuzuia Waafrika kukopeshwa, mfanyabiashara asiye Mwafrika aliyemkopesha Mwafrika hakuweza kudai deni lake mahakamani, ila kwa mkataba ulioidhinishwa na ofisa wa Serikali. Ilisemwa kwamba ni kumlinda Mwafrika. Walakini fundi asiye na fedha mkononi aliona vigumu kupata hata misumari ya mkopo. Kwa hiyo karatasi isemwayo kuwa ni ya kumlinda mtu ipimwe kwa lile awezalo kulifanya akiisha kuipata.

Basi nashauri mambo matatu. La kwanza, kila ofisi ya leseni ibandike ukutani, kwa Kiswahili kilicho wazi, orodha ya yote yatakiwayo na ada zake, ili fundi aje mara moja naye yuko tayari. La pili, Halmashauri zetu zifikiri kumpa kila mwenye leseni ya samani au magodoro namba ya kuandika katika kazi yake, na godoro lililojazwa upya liandikwe hivyo bila kuficha. Hapo fundi mwema atajulikana kwa wema wake, na mdanganyifu atapatikana. La tatu ni letu sisi makarani, wala halihitaji sheria mpya: aulizaye leseni ni ya nini ajibiwe kama mtu.

Seremala yule akirudi mwakani, maana leseni ni ya mwaka mmoja, nimeazimu kumjibu hivi: "Bwana Fundi, karatasi hii ni ushahidi kwamba Serikali yakujua, wewe na mahali pako. Idai ikufanyie kazi." Lakini nitaona haya kuyasema hayo, ikiwa bado hatujaifanya iwe kweli.

Ni mimi, mwenzenu katika kazi,
KARANI WA NYANDA ZA JUU