Fundi wa vibao ana haja gani na tovuti?

Jioni moja mwezi uliopita nilikuwa nikipita Makupa, hatua chache kutoka kwenye mzunguko wa magari, nilipoitwa na fundi mmoja wa vibao ambaye tumejuana kwa zaidi ya miaka kumi. Alikuwa amepiga magoti mbele ya bati jeupe, brashi mkononi, akimalizia herufi ya mwisho ya neno "Dawa".

"Mwalimu, njoo uketi kidogo," akaniambia. "Nina swali, na wewe ndiye mtu wa maneno."

Alifuta mikono kwa kitambaa kilicholowa mafuta ya taa, akanitolea karatasi iliyokunjwa mara nne. Kijana mmoja aliyevaa tai alikuwa amemjia na kumwahidi kumtengenezea tovuti kwa Sh35,000, kisha amlipe Sh12,000 kila mwaka ili tovuti hiyo isizimwe. Fundi alikuwa na akiba ya Sh40,000 pekee. Alikuwa amekusudia kuiweka arubuni ya mashine ya kukatia stika, kwa maana wateja wake wa zamani walikuwa wameanza kumhama na kwenda kwa wachapishaji wa maturubai, ambao humkabidhi mtu bango lake kabla chai haijapoa. Sasa alikuwa njia panda. Amlipe kijana, au aifuate mashine?

Sikumjibu papo hapo. Nimelichukua swali lake hadi darasani, na walimu wenzangu pamoja na wanafunzi wangu wakanipa jawabu moja kwa kauli moja: zama hizi, asiyeonekana katika mtandao wa intaneti hayupo. Nathubutu kusema kwamba jawabu hilo ni la uvivu. Kadhalika ni la uvivu lile jawabu la wazee wa baraza kwamba fundi mzuri hajitangazi. Sh35,000 za mtu anayekula kwa brashi zastahili kufikiriwa zaidi ya hapo.

Tuanze na kibao chenyewe. Kibao cha barabarani humsemesha mtu ambaye hakuuliza kitu. Mpita njia anakwenda zake kupanda matatu ya Changamwe, mara macho yake yanaangukia maneno "Viatu vyashonwa hapa", naye anakumbuka soli iliyobanduka. Tovuti haiwezi kufanya hivyo. Tovuti hukaa kimya mpaka aje mwenye kuuliza. Kwa istilahi ya taaluma yetu, kibao ni tamko na tovuti ni jibu, na anayedhani kwamba jibu litafanya kazi ya tamko atapoteza fedha zake. Fundi wetu, kwa hakika, anayo matangazo tayari, tena hayahesabiki: kila kibao alichowahi kuandika kuanzia Makupa hadi Mwembe Tayari kina nambari yake ya simu katika pembe ya chini, kwa herufi ndogo nyekundu. Wateja wake karibu wote wamempata hapo. Kijana wa tai hakumwuliza habari hiyo.

Basi ni nani atakayeuliza? Nimejaribu kumfikiria mtu huyo. Si mwenye kibanda cha mahamri na mbaazi, kwani huyo atavuka barabara tu. Ni karani wa shule ya Kisauni aliyeagizwa atafute mtu wa kuandika lango. Ni meneja wa hoteli ya Diani aliyeambiwa na rafiki yake kwamba yuko fundi Makupa mwenye mkono mzuri, naye ataka kuuona mkono huo kabla hajavuka feri. Watu hawa wamekwisha kusikia jina. Wanachohitaji ni ithibati. Kwao, tovuti ni kama daka la nyumba ya Kiswahili: mgeni hapiti pale kwa bahati, hufika kwa kuelekezwa, naye akiketi humpima mwenyeji kwa anayoyaona kabla hajaingia ndani.

Nikiitazama kwa jicho hilo, naona tovuti ina faida. Lakini si tovuti ile iliyokuwa imechapwa kwenye karatasi ya kijana. Niliisoma mara mbili. Ilikuwa ya Kiingereza mwanzo hadi mwisho, na Kiingereza chenyewe ni cha kukopa: fundi anaitwa kampuni inayoongoza, mwenye timu ya wataalamu waliobobea na maono ya karne. Neno Makupa halimo. Neno bati halimo, wala rangi. Picha zilikuwa za majengo ya vioo ambayo hata Nairobi sijayaona. Nilipomwuliza fundi maana ya sentensi ya tatu alicheka, akasema hiyo angeniuliza mimi. Huyu ni mtu atakayepigiwa simu na mgeni kuulizwa juu ya maneno yanayosemwa kwa jina lake, naye hawezi kuyaeleza.

Hapa ndipo suala linapoacha kuwa la fedha tu. Yapo maandishi mengi ya Kiswahili ambayo hayakupita kwa mchapishaji wa vitabu wala kwa mhariri wa gazeti. Mafundi wa vibao ni wachapishaji wakubwa wa lugha yetu, japo hatuwahesabu hivyo. Wao ndio walioandika "Usikojoe hapa" katika kila uchochoro, na huenda ikawa hakuna sentensi ya Kiswahili iliyochapishwa mara nyingi zaidi yake. Wao ndio huandika "Ploti hii haiuzwi" ukutani, wakamwokoa mjane na matapeli. Mwaka 1928 mkutano uliofanyika papa hapa Mombasa uliichagua lahaja ya Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili Sanifu, na sisi watu wa Mvita tumeibeba kumbukumbu hiyo kwa namna zetu (baadhi yetu kwa kinyongo, sikatai). Lakini hakuna kamati iliyopata kusimamia kuta. Katika kuta maneno ya kwetu yameendelea kuishi, pamoja na makosa yake ya tahajia ambayo mwalimu huyasahihisha kimoyomoyo akiwa ndani ya matatu.

Sasa fundi huyu akihamia katika intaneti, ataihama lugha yake pia? Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 7, imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha mbili rasmi. Katiba haiwezi kumwandikia mtu tovuti. Hata hivyo, yule karani wa Kisauni akiketi kutafuta, ataandika nini katika simu yake? Pengine "mchoraji mabango Mombasa", pengine "fundi wa vibao", pengine ataandika kwa Kiingereza. Ukurasa usio na hata neno moja kati ya "bango", "kibao", "ubao" na "Makupa" hautamjibu mwulizaji aliyeyatumia. Kiswahili hapa si suala la uzalendo peke yake. Ni namna ya kupatikana. Mistari michache ya Kiingereza iwekwe chini kwa ajili ya meneja wa Diani, wala sioni ubaya.

Liko jambo la pili, na hili watu wa Makupa na Majengo hawahitaji kufunzwa na mhadhiri. Mji wetu una desturi ya tangu siku za mkoloni ya nyumba bila ardhi: mtu hujenga nyumba yake kwa jasho lake, lakini kiwanja ni cha mwingine, naye humlipa kodi ya ardhi. Siku mwenye kiwanja akibadili nia, au akiuza, mwenye nyumba hubaki na mlango na mabati ya kubeba kichwani. Kurasa za bure za Facebook na mfano wake ni nyumba za aina hiyo. Wanafunzi wangu huona ni kichekesho ninaposema hivi, kwa hivyo huwapa mifano. GeoCities, ambako mamilioni ya watu walijenga kurasa zao tangu miaka ya 1990, ilifungwa na Yahoo mwaka 2009. Mwaka 2011 Google ilikuja Kenya na mpango wa kuwapa wafanyabiashara wadogo tovuti bila malipo, na wengi walishangilia. Baadaye kampuni hiyohiyo ilikuwa na huduma nyingine ya kumtengenezea mwenye duka ukurasa wa bure kutokana na maelezo aliyoyaweka katika ramani yake. Mwezi Machi 2024 ikazizima tovuti hizo zote, duniani kote. Waliokuwa wamechapisha anwani hizo katika kadi na vibao walilazimika kuzifuta.

Simkatazi fundi kuwa na ukurasa wa bure. Kujiandikisha katika ramani ya Google hakuna gharama, na mtu anayetafuta kibao karibu na Makupa ataoneshwa nukta. Picha za kazi yake katika WhatsApp zimekwisha kumletea wateja wawili, hayo kaniambia mwenyewe. Ninachosema ni kwamba awe na jina lake. Jina linaloishia kwa .co.ke husajiliwa chini ya KENIC, na ada yake ya mwaka haifiki bei ya kibao kimoja cha duka. Jina hilo nalo hulipiwa kila mwaka, kwa hiyo si milki kamili. Ila tofauti iko hapa: jina likiwa limeandikishwa kwa mkono wako, waweza kuihamisha nyumba nzima kutoka kwa fundi mmoja wa kompyuta hadi kwa mwingine, na mgeni asijue kitu. Katika karatasi ya yule kijana, jina lilikuwa liandikishwe kwa kampuni yake. Nilipouona mstari huo nilimwambia fundi aikunje karatasi.

Wafanyabiashara wa mji huu wameijua siri ya jina kabla ya kompyuta kuzaliwa. Tazameni kanga za Kaderdina Hajee Essak, duka la Mtaa wa Biashara lililoanza mwaka 1887. Kwenye pindo za kanga zake huandikwa "Mali ya Abdulla". Mwanamke wa Lamu au wa Tanga, aonapo maneno hayo, hujua kanga imetoka wapi, nayo yatabaki pale hata duka la rejareja alikoinunua likifungwa.

Liko jambo la tatu, ambalo fundi hakuniuliza. Mwaka 2018 serikali ya kaunti iliagiza majengo ya katikati ya mji yapakwe rangi nyeupe na mapambo ya buluu. Mji ulipendeza, sikatai, na mafundi wa rangi walipata kazi. Lakini ukuta ukipakwa rangi mpya, maandishi yaliyokuwapo hayarudi. Bati hupata kutu kwa upepo wa bahari, na turubai hupauka kabla ya miaka miwili. Kazi ya maisha ya fundi huyu, miaka ishirini na tatu ya herufi, haiko mahali popote isipokuwa katika simu ya binti yake wa kidato cha tatu, ambaye ana mazoea ya kupiga picha kila kibao kabla hakijachukuliwa. Zipo picha mia tatu na zaidi. Niliziangalia pale kibandani hadi adhana ya magharibi. Nikaona herufi "R" yake ilivyobadilika mkia, nikaona maduka yaliyokwisha kufungwa, nikaona neno "posho" likigeuka kuwa "unga" kwenye kibao cha duka lilelile. Mtafiti wa isimu angelipa kuziona picha hizo. Meneja wa hoteli naye angeona asichoweza kuoneshwa na majengo ya vioo ya kijana wa tai.

Basi shauri langu kwake lilikuwa hili. Arubuni ya mashine iende kwa mashine, kwa sababu hiyo ndiyo itakayomrudishia wateja wanaomhama, na tovuti haitawarudisha. Jina alisajili mwenyewe. Ukurasa uwe mmoja tu, wa Kiswahili, wenye picha thelathini zilizochaguliwa, kila moja na mwaka wake na mahali pake, bei za kuanzia, nambari ya simu, na maelezo ya namna ya kufika kutoka mzunguko wa Makupa kwa mguu. Mmoja wa wanafunzi wangu wa zamani ameutengeneza kwa Sh4,000 na sinia la viazi karai.

Maneno ya ukurasa fundi aliyaandika mwenyewe kwa kalamu, akaniletea niyasahihishe. Sikuwa na mengi ya kusahihisha. Nilichokikata ni kiambishi kimoja. Alikuwa ameandika "Tunaandika vibao vya aina zote", nami nikaona ni mabaki ya yale majigambo ya kampuni na timu, maana fundi ni mtu mmoja na brashi zake. Nikabadilisha ikawa "Ninaandika". Juzi nilipoufungua ukurasa nilikuta "Tunaandika" imerudi mahali pake. Nikampigia simu.

"Mwalimu," akasema, "kwani huyu binti anayepiga picha si mtu?"