Sikio Halina Kope

Mimi ni mwalimu wa mwaka wa tano, na kila Jumatatu asubuhi najua, bila kuuliza mtu, ni watoto gani wanaolala karibu na bare kubwa ya mtaa wetu. Hawana ugonjwa. Wamevaa vizuri, wamekula. Lakini saa tatu haijafika, kichwa kimekwisha anguka juu ya daftari. Ukiwaamsha wanaruka kama watu waliomwagiwa maji ya baridi. Ukiwauliza hesabu ya juzi wanakutazama tu. Na mwenzao akiwagusa kwa bahati mbaya, wanajibu kwa ngumi. Wazazi huniambia: «Mwalimu, mtoto huyu ni mkaidi, umpige fimbo.» Hapana. Simpigi. Mwenye kuulizwa habari hii ni mwingine.

Basi nilikwenda kwa mwenye bare. Simtaji jina, ni jirani, na siku za matanga yetu alikuja kukaa nasi. Tukasalimiana, akanipa kiti. Nikamwambia: «Papa, muziki wenu unatumaliza.» Akacheka sana. «Ee Mwalimu! Muziki unaweza kumaliza mtu? Ni sauti tu, ni upepo. Wewe utazoea.»

Upepo. Utazoea. Nilirudi nyumbani na maneno hayo mawili, na leo nataka kuyajibu, kwa sababu si yeye peke yake anayeyasema. Tunayasema wote, hata ndani ya parokia.

Tuanze na upepo. Ni kweli, sauti ni upepo unaotikisika. Lakini tazameni unakokwenda. Unapiga ngozi nyembamba iliyo ndani ya sikio, kama mkono unavyopiga ngoma. Ngozi hiyo inasukuma mifupa mitatu midogo, midogo kuliko mifupa mingine yote ya mwili. Mifupa inasukuma maji yaliyo ndani ya kitu kilichojiviringa mfano wa konokono. Na humo ndani zimepangwa chembe zenye vinyweleo, kama 15,000 katika kila sikio. Mwitalia mmoja, Alfonso Corti, alipatazama mahali hapo kwa mikroskopi na kuandika habari zake mwaka 1851. Maji yakitikisika, vinyweleo vinainama, vikiinama, mishipa ya fahamu inapokea habari na kuipeleka kwenye ubongo, upesi kuliko unavyoweza kusema «e!».

Sasa, sauti kali mno huvunja vinyweleo hivyo na kuua chembe zake. Ukinyoa nywele za kichwa zinaota tena. Hizi hazioti. Kuku wana bahati kuliko sisi: karibu na mwisho wa miaka ya 1980 wataalamu walivumbua ya kuwa ndege akipoteza chembe hizo, nyingine huota mahali pake. Kuku, ndiyo, mtu, hapana. Kijana akiziua akiwa na miaka 20, atakwenda bila hizo hata kaburini.

Na kuziua si kazi ngumu. Nguvu ya sauti hupimwa kwa desibeli. Desibeli 85, kama kelele ya karakana, mfanyakazi aweza kuivumilia saa 8 kwa siku. Ikiongezeka desibeli 3 tu, saa zinapungua nusu: kwa 88, saa 4, kwa 91, saa 2, kwa 100, robo saa. Mbele ya mabafle makubwa ya siku hizi desibeli 100 ni jambo la kawaida, na vijana wetu hucheza hapo tangu saa mbili za usiku mpaka saa tisa. Hesabuni wenyewe ni robo saa ngapi. Asubuhi mmoja wao anasema masikio yake yanalia «nyiii», na wenzake wanacheka.

Lakini mimi sikuja kulilia masikio tu. Mwenye kwenda kucheza amekwenda kwa miguu yake. Mimi nasema juu ya yule asiyekwenda: mtoto aliye kitandani, mgonjwa, mama aliyejifungua juzi, mlinzi aliyekesha jana na leo anataka kulala. Na hapa ndipo neno la pili la jirani yangu linapoanguka.

Jicho lina kope, ukichoka unalifunga. Pua na ulimi hupumzika. Sikio halina kope. Hata ukilala fofofo linasikia, nalo linapeleka habari juu, kwa maana liliwekwa kuwa mlinzi. Wazee wetu walilala porini, na chui alikuja usiku. Ndani ya ubongo mna sehemu ndogo mfano wa kokwa, moja upande wa kuume, moja upande wa kushoto, inayoitwa amigdala. Hiyo haingoji wewe ufikiri. Ikisikia kishindo inapiga mbiu, na tezi zilizo juu ya mafigo zinamwaga adrenalini katika damu, na nyuma yake kortizoli. Moyo unakimbia, damu inapanda, nyama za mwili zinakaza, tumbo linaacha kazi yake. Vizuri sana, kama ni chui. Unakimbia au unapigana, kisha jambo limekwisha na mwili unatulia.

Je, kama chui anakuja kila nusu dakika, tangu jioni mpaka alfajiri, siku ya Ijumaa, ya Jumamosi na ya Dominika?

«Utazoea.» Kwa akili, labda. Mtu aliyekaa miaka mingi penye kelele hashituki tena, anasema amelala vizuri. Lakini wataalamu wamepima mioyo ya watu wa namna hiyo wakiwa usingizini: kila kelele inapopita, moyo unaruka kama zamani. Mwenyewe hajui. Ni kama bwana wa nyumba anayekoroma huku mtumishi wake anakimbia usiku kucha kufungua na kufunga milango. Siku moja mtumishi ataanguka. Mwaka 1999 OMS, shirika la afya la dunia nzima, liliandika ya kuwa chumba cha kulala kisipite desibeli 30 ili mtu alale sawasawa. Mwaka 2018 liliandika tena, kwa ajili ya nchi za Ulaya, na kuonya juu ya magonjwa ya moyo yanayofuata kelele. Thelathini! Kwetu hata jogoo anapita thelathini.

Turudi kwa watoto, maana hao ndio walionituma. Huko New York, katika Marekani, palikuwa na shule kando ya reli iliyojengwa juu angani. Treni ilipita kila dakika nne na nusu, na mwalimu alipaswa kunyamaza mpaka imekwisha pita. Mama mmoja mwenye elimu, Arline Bronzaft, alilinganisha watoto wa upande wa reli na wale wa upande wa pili wa jengo lile lile. Mwaka 1975 alitoa habari: wale wakubwa wa upande wa kelele walikuwa nyuma katika kusoma karibu mwaka mzima. Shule moja, walimu wa shule moja, mitaa ile ile! Watu wakashikwa na haya. Wakaweka mpira chini ya reli, wakaweka dari ya kumeza sauti madarasani. Baada ya miaka michache alipima tena, na mwaka 1981 akaandika ya kuwa tofauti imekwisha. Basi wale watoto hawakuwa wajinga, wala hawakuwa wakaidi. Hayo nayasema kwa wazazi wanaoniletea fimbo.

Kuna jambo lingine, nalo linanichoma zaidi. Mwaka ule ule wa 1975, katika Marekani pia, wataalamu wawili walimweka mtu njiani, mkono wake umefungwa plasta, akaangusha vitabu vyake mbele ya wapita njia. Palipokuwa kimya, wengi waliinama kumsaidia. Walipowasha karibu naye mashine ya kukata majani, wachache tu waliinama. Watu walikuwa wema vilevile. Kelele iliwafanya wapite haraka, macho mbele, bila kumwona mwenye plasta. Tunashangaa ya kuwa siku hizi katika miji yetu jirani hamjui jirani. Tutazame pia ni kitu gani kinachopigwa kati ya nyumba yake na yangu.

Wengine wananipinga: «Mwalimu, ngoma ni urithi wetu. Unataka kutuondolea ngoma?» Maneno haya yananikasirisha, kwa sababu ni uongo uliovaa nguo za babu. Ngoma ya babu ilipigwa na mikono ya watu, na mikono huchoka. Ilikuwa na siku yake: mavuno, arusi, kufiwa. Kila mtu alijua inapigwa kwa ajili gani na itakwisha lini. Bafle halichoki wala halijui mavuno. Linapiga Jumanne kwa ajili ya Jumanne. Umeme wa mji ukikatika, tunadhani tumepona. Kumbe wanawasha grupu, na sasa kelele ni mbili.

Wengine wanasema: «Unataka tukae kama makaburini?» Hapana. Mwili una haja ya kusikia, kuona na kugusa. Katika miaka ya 1950, huko Montréal katika Kanada, profesa Donald Hebb na wenzake waliwalipa wanafunzi dola 20 kwa siku ili walale tu kitandani, macho yamefunikwa, mikono imevikwa, pasipo kusikia kitu ila mvumo mmoja. Mshahara mzuri kwa kazi ya kulala! Lakini wengi walishindwa baada ya siku mbili tatu. Akili zilichanganyika, wengine waliona vitu visivyokuwapo. Ubongo bila habari ya nje unaharibika, kama mahindi bila mvua. Lakini mtu akikuomba maji ya kunywesha mahindi, huendi kumfungulia mto mzima juu ya shamba.

Mnajua kwa nini mwenye bare hataki kupunguza? Wafaransa wamepima hata hilo. Habari zilitolewa mwaka 2008: katika mabare mawili ya Ufaransa walipiga muziki siku nyingine kwa desibeli 72, siku nyingine kwa 88, bila kuwaambia wanywaji. Kwa sauti ndogo kijana alimaliza bia yake kwa dakika 14 na nusu. Kwa sauti kubwa, dakika 11 na nusu, na aliagiza bia zaidi. Mtu asiyeweza kuongea na mwenzake hana la kufanya ila kuinua glasi. Kwa hiyo, ninyi akina baba mnaosema muziki mkubwa ni wa kuwafurahisha, fahamuni ya kuwa ule ni mkono, na umo mfukoni mwenu.

Sasa nageuka upande wetu, na hapa najua baadhi ya wasomaji watakunja uso. Tunawasema wenye mabare. Je, matanga yetu, tunapoweka mabafle manne barabarani na kuimba mpaka jogoo, na mgonjwa wa nyumba ya tatu anageuka-geuka kitandani? Je, arusi zetu? Je, mikesha ya sala, ya madhehebu mengine na yetu pia, vipaza sauti vikielekezwa nje kwa watu ambao hawakuja? Mwaka 2018 serikali ya Rwanda ilifunga nyumba za sala zaidi ya 700 mjini Kigali, na kelele ilikuwa mojawapo ya sababu zilizotajwa. Mimi sitaki serikali ije kutufunga. Nataka tuone haya wenyewe kabla haijaja.

Wataalamu wawili wa Marekani, Glass na Singer, waliandika mwaka 1972 jambo la kufikirisha. Waliwapigia watu kelele za ghafula. Baadhi yao waliwapa butoni na kuwaambia: mkizidiwa, bonyezeni, itanyamaza. Karibu wote hawakuibonyeza. Walisikia kelele ile ile. Lakini baadaye, katika kazi ngumu waliyopewa, wenye butoni walijitahidi kwa uvumilivu, na wasio na butoni waliacha upesi. Kujua tu ya kuwa unaweza kusema «basi», na kwamba utasikilizwa, kunaponya nusu ya ubaya. Mtaani kwetu nani ana butoni? Mwenye bare anayo. Mwenye arusi anayo. Mjane wa nyumba ya pili akija kulalamika anaambiwa ana wivu.

Ninayoyaomba si makubwa. Kila shirika likubaliane saa moja, tuseme saa nne za usiku, na mabafle yanyamaze. Wanaotaka kuimba matanga waimbe kwa koo zao, hakuna aliyekufa kwa koo la binadamu. Vipaza sauti vielekezwe ndani, kwa waliokuja. Mkubwa wa kwaya asipime bidii kwa kidude cha kuongeza sauti. Kisha, mikono yetu ikiwa safi, wazee wa shirika wanne au watano waende kwa mwenye bare, wakae kwenye viti vyake, waseme naye kama jirani. Nitakuwa kati yao. Nilikwenda peke yangu akacheka; tukiwa watano, nadhani hatacheka.

Jumamosi hii kuna arusi katika shirika letu. Bwana arusi ni mtoto wa dada yangu, na mabafle yamekwisha kodiwa. Nimemwambia juu ya saa nne. Amesema, «Mjomba, watu watatucheka,» nami nimemjibu wacheke mpaka saa nne. Jumatatu nitahesabu tena waliosinzia. Mara ya mwisho walikuwa tisa.