Kuhesabu Ndege Si Kazi ya Wasio na Kazi

Kila Agosti, kiangazi cha kaskazini kikielekea kuisha, nashika darubini pale Mida Creek, Watamu, na mtu lazima aniulize: "Watu wana njaa, wewe wahesabu ndege?"

Haya, tuongee njaa. Kitwitwi hawa wametoka Siberia, wanakuja kula minyoo na kaa wadogo kwenye tope lile lile linalomlisha mvuvi. Wakipungua, hilo ni onyo. Huenda shida iko huku, huenda iko huko watokako. Bila hesabu utajuaje?

Na hesabu ina meno. Kwa vigezo vya Mkataba wa Ramsar, eneo linalopokea kwa kawaida ndege wa maji 20,000, au asilimia 1 ya jamii moja ya ndege hao, lina umuhimu wa kimataifa. Sasa asilimia 1 utaitoa wapi kwa kukisia? Anayetaka kujenga hoteli kwenye mikoko huja na ramani, wakili na hela. Sisi tukija na "walikuwa wengi sana, wallahi," tumeshindwa kabla kikao hakijaanza.

Kwa hivyo maji yakijaa, ndege wakibanana ukingoni, njoo na daftari. Na atakayesema hapa hakuna kitu, aonyeshe hesabu yake.